Adui Asiyeruhusiwa Kufa: Hotuba Kuhusu Filamu ya Halloween: Resurrection

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wangu, waandishi na waongozaji mliohudhuria, na ninyi vijana wa darasa la uandishi wa filamu ambao kama kawaida mmekimbilia viti vya nyuma,

Nimeombwa nizungumzie filamu za kutisha zinazoendelea sehemu baada ya sehemu, na hasa zile sehemu za mwishoni, zinazotoka wakati mfululizo wenyewe umechoka na watazamaji nao wameuchoka. Badala ya kuzigusa filamu ishirini juu juu, nimechagua moja tu. Nayo ni Halloween: Resurrection, iliyoingia kwenye majumba ya sinema ya Marekani mwezi Julai mwaka 2002, ikiwa ya nane katika mfululizo wa Halloween ulioanza mwaka 1978, kuhusu Michael Myers, muuaji mwenye kinyago. Wapenzi wa filamu za kutisha wakiitaja filamu hii huwa wanaguna. Kuna wanaomlaumu Busta Rhymes, mwanamuziki wa rapu aliyepewa nafasi kubwa ya uigizaji, na kuna wanaoulaumu ule mtindo wa kamera za intaneti ambao leo unaonekana wa kizamani. Mimi naona lawama hizo zimeelekezwa mahali pepesi. Nitajaribu kuwaonyesha kwamba filamu hii iliharibika miaka minne kabla haijaonyeshwa, tena iliharibikia katika mazungumzo ya kibiashara kuhusu filamu nyingine, na kwamba mengi tunayoyacheka ndani yake yametokana na uamuzi uliofanywa siku zile.

Tuanze na kile kilichokuwepo, ndipo tutaelewa kilichopotea. John Carpenter alikuwa na miaka 30 alipoongoza filamu ya kwanza kwa takriban dola 300,000, fedha ambayo hata kwa wakati ule ilikuwa ndogo kwa filamu ya Marekani, kwa muswada alioandika pamoja na Debra Hill. Haddonfield, mji wa kubuni unaosemekana kuwa katika jimbo la Illinois, ulipigwa picha California katika majira ambayo miti ilikuwa ya kijani, kwa hiyo majani ya bandia yalipakwa rangi, yakamwagwa barabarani, na baada ya kila onyesho yakakusanywa ili yamwagwe tena kwingine. Kinyago cha muuaji kilinunuliwa dukani kwa bei isiyofika dola mbili. Kilikuwa uso wa Kapteni Kirk, mhusika wa Star Trek, kipindi cha televisheni cha safari za angani, wakakipulizia rangi nyeupe na kupanua matundu ya macho, na uso uliobaki haukuwa na hasira, wala huzuni, wala furaha. Mpaka leo, baada ya mabilioni ya dola kutumika katika filamu za aina hii, sidhani kama kuna uso mwingine wa bandia uliofanya kazi kubwa hivyo kwa bei ndogo hivyo.

Naomba mkumbuke onyesho moja dogo. Ni mchana kweupe. Laurie Strode, mwanafunzi wa sekondari aliyeigizwa na Jamie Lee Curtis, yuko chumbani kwake ghorofani na anatazama nje dirishani. Chini uani kuna nguo zilizoanikwa kwenye kamba, shuka zinapepea, na katikati ya shuka amesimama mtu mwenye uso mweupe akimwangalia. Laurie anageuka kidogo, anatazama tena, na pale pamebaki nguo peke yake. Onyesho lote ni la sekunde chache. Hakuna kisu, hakuna damu, hakuna anayekimbia, na bado mtazamaji anajikuta ameanza kuchunguza kila pembe ya picha, nyuma ya kila mti na kila gari lililoegeshwa, kwa sababu ameshafundishwa kwamba hatari inaweza kuwa imesimama tu mahali ikisubiri. Carpenter aliutunga mwenyewe ule muziki wa piano wa mapigo matano usiotulia, lakini hata ukizima sauti, onyesho hilo la nguo bado linatisha.

Jambo la pili ambalo filamu ya kwanza ililitunza kwa uangalifu ni ukimya kuhusu sababu. Michael, akiwa mtoto wa miaka sita, anamuua dada yake mwaka 1963, anafungwa hospitalini miaka 15, anatoroka, anarudi nyumbani. Kwa nini? Daktari wake, Sam Loomis, aliyeigizwa na Donald Pleasence, anachoweza kutuambia ni kwamba alijaribu kumfikia mtoto yule akashindwa. Laurie anaandamwa kwa sababu asubuhi ile alipita mlangoni pa nyumba ile, basi. Orodha ya waigizaji mwishoni mwa filamu haimtaji hata kwa jina yule mtu mzima aliyevaa kinyago, bali inamwita umbo tu. Na mwisho kabisa, baada ya Loomis kumpiga risasi akaanguka kutoka ghorofani, tunaangalia chini kwenye majani na hatumwoni.

Filamu hiyo ilikusanya dola milioni 47 ndani ya Marekani peke yake. Kwa hesabu hiyo, asingepatikana mfanyabiashara wa kuiacha ilale.

Miaka iliyofuata nitaipita haraka. Mwaka 1981 ikatoka sehemu ya pili, chini ya mwongozaji Rick Rosenthal, ambamo tuliambiwa kwamba Laurie kumbe ni dada yake Michael, wazo ambalo Carpenter mwenyewe aliliandika na baadaye akalikosoa waziwazi. Mwaka 1982 walijaribu kutengeneza sehemu ya tatu isiyo na Michael kabisa, na watazamaji wakaikataa. Mwaka 1988 Michael akarudishwa, mwaka 1989 akarudi tena, na mwaka 1995, katika sehemu ya sita iliyotoka baada ya Pleasence kufariki, wakamzulia laana na kundi la waabudu wa siri ili kueleza kwa nini hafi. Kila sehemu ilimwongezea muuaji wasifu, na kila wasifu ulipoongezeka hofu ilipungua.

Nyuma ya filamu zote nane alikuwepo mtu mmoja ambaye wengi wenu mnaijua kazi yake bila kujua kwamba ni yake. Moustapha Akkad alizaliwa Aleppo, Syria, mwaka 1930, akaenda Marekani kusomea filamu, na yeye ndiye aliyeongoza The Message ya mwaka 1976, ile filamu ya mwanzo wa Uislamu ambayo Anthony Quinn aliigiza kama Hamza, na ambayo pwani yetu hii imetazamwa na wazazi, watoto na wajukuu. Akkad huyo huyo ndiye aliyempa Carpenter fedha ya kutengeneza Halloween, na akabaki mlezi wa mfululizo mpaka alipouawa, yeye na binti yake Rima, katika milipuko ya hoteli za Amman mwezi Novemba mwaka 2005. Nalitaja hili kwa heshima, kwa sababu ninakokwenda ni kumkosoa katika jambo moja, na sitaki mtu atoke hapa akidhani tulikuwa tunamzungumzia mchuuzi asiyejua sanaa. Alijua sanaa vizuri sana. Lakini kwa Halloween alikuwa na sharti moja lisilojadiliwa: Michael Myers hafi.

Sasa tufike mwaka 1998. Curtis alikuwa hajaigiza kama Laurie tangu mwaka 1981, na alikubali kurudi katika Halloween H20, sehemu ya saba, iliyoongozwa na Steve Miner, kwa sababu alitaka kumfungia mhusika wake hesabu. Filamu ile inazisahau kwa makusudi sehemu ya nne, ya tano na ya sita. Laurie sasa ni mkuu wa shule ya bweni California, anaishi kwa jina la bandia, anakunywa pombe kwa kificho, anamchunga mwanawe kupita kiasi, na usingizi wake ni wa kuruka ruka. Michael anampata. Baada ya usiku mzima wa mapambano polisi wanafika, wanamfunga muuaji ndani ya mfuko wa maiti, na kila mtu anaona mambo yamekwisha isipokuwa Laurie. Anachukua shoka, anaiba gari lenye ule mfuko na kuondoka nalo.

Mwisho wa filamu ile ningependa muutazame mara nyingi, kwa sababu ni darasa. Gari linaporomoka kwenye mteremko na Michael anabanwa kati ya gari na mti. Ananyoosha mkono kuelekea kwa dada yake. Laurie, ambaye kwa miaka 20 amekuwa akikimbia, anausogelea mkono ule na kuunyooshea wake, na kwa muda mfupi mtazamaji haelewi kama atamhurumia. Kisha ananyanyua shoka na kumkata kichwa. Picha inabaki usoni mwake akihema, halafu giza. Hapakuwa na macho yanayofunguka ghafla, wala mkono unaochomoza kutoka ardhini. Watu walitoka ukumbini wakiwa wameona kitu ambacho mfululizo huu haukuwa umewahi kuwapa, yaani mwisho uliopatikana kwa jasho la mhusika mwenyewe.

Ila mwisho ule ulikuwa umeshauzwa kabla haujapigwa picha. Curtis amesimulia hadharani kwamba aligundua akiwa ndani ya kazi kuwa Akkad hakuwa tayari kumruhusu Michael afe, jambo lililogonga moja kwa moja sababu yake ya kurudi. Suluhu ikapatikana kwa msaada wa Kevin Williamson, mwandishi aliyehusika na hadithi ile: itafahamika baadaye kwamba aliyekatwa kichwa hakuwa Michael, ila watazamaji wa 1998 hawataambiwa, wataachwa waamini. Naye Curtis angetokea kwa muda mfupi katika filamu itakayofuata ili mhusika wake auawe na yeye awe ameondoka moja kwa moja. Kila upande ukapata ulichotaka. Mtayarishaji alibaki na muuaji wake, mwigizaji akapata usiku mmoja wa ushindi na mlango wa kutokea. Mtazamaji, ambaye ndiye aliyelipa kiingilio, hakuwakilishwa katika kikao hicho.

Basi waandishi wa Resurrection, Larry Brand na Sean Hood, walirithi deni. Ilibidi hadithi yao ianze kwa kulilipa, na dakika 15 za mwanzo wa filamu ni malipo hayo. Laurie yuko katika hospitali ya wagonjwa wa akili, haongei, anakaa akitazama dirishani. Wauguzi wawili, mzoefu na mgeni, wanatembea kwenye korido wakizungumza, na katika mazungumzo yao tunaelezwa kila kitu: usiku ule wa 1998 Michael alimvamia mhudumu wa gari la wagonjwa, akamponda koo asiweze kusema, akambadilishia nguo na kumvika kinyago, naye akaondoka zake. Laurie alimkata kichwa mtu asiye na hatia, na ndiyo maana amewehuka.

Naomba tusimame hapa kidogo. Tendo lililokuwa kilele cha filamu iliyotangulia, lililomgharimu mhusika ujasiri wa miaka 20, linafutwa na porojo ya wauguzi koridoni. Tena halifutwi tu, linageuzwa kuwa mauaji. Ule mkono ulionyooshwa, ambao tulidhani ni hila ya muuaji au chembe ya mwisho ya udugu, kumbe ulikuwa wa mtu anayejaribu kusema "si mimi" na koo limepondwa. Kama waandishi wangelichukua wazo hilo kwa uzito, wangepata filamu ya kutisha kwelikweli, kwa sababu hakuna kinachotisha kama kugundua kwamba ulifumba macho na kumuua asiyehusika. Ndani ya hitilafu hii ilikuwa imejificha hadithi nzuri kuliko zote za mfululizo. Lakini muda wa Curtis katika makubaliano ulikuwa wa dakika chache, na hadithi hiyo haikuwa na mahali pa kuingia.

Kinachofuata ni kwamba Laurie hajawehuka. Anajifanya. Dawa anazopewa hazimezi, anazificha ndani ya mwanasesere wa kitambaa. Michael anapokuja, anamvuta mpaka juu ya paa, ambako ametega kamba, naye Michael ananaswa mguu na kuning'inia kichwa chini. Anachotakiwa Laurie kufanya ni kukata kamba. Anasita, kwa sababu ya yule mhudumu: safari hii anataka kuhakikisha. Anasogea amvue kinyago, naye Michael anamkamata. Laurie anachomwa kisu mgongoni, anakibusu kinyago, anaanguka kutoka juu ya paa na kufa. Kwa mantiki ya hadithi, kusita kule ni jambo zuri mno, na Curtis anaigiza vizuri kuliko filamu ilivyostahili. Lakini mtazamaji anajua, au anahisi hata kama hajui, kwamba haya si majaaliwa ya mhusika. Ni mwigizaji anayetimiza kifungu cha mkataba. Baadaye kidogo muuaji anamkabidhi mgonjwa mmoja kile kisu, anaondoka taratibu, na filamu inaanza upya na watu wengine kabisa.

Watu hao wengine ni wanafunzi wa chuo wanaokubali kulala usiku wa Halloween, ile sikukuu ya Oktoba 31 ambayo Wamarekani hujivika vinyago, katika nyumba alikozaliwa Michael, kila mmoja na kamera ndogo kichwani, ili matukio yao yarushwe moja kwa moja kwenye intaneti. Mwenye kipindi ni Freddie Harris, ambaye ni Busta Rhymes, na msaidizi wake Nora ni Tyra Banks. Lazima nilitendee haki wazo hili. Mwaka 2002 vipindi vya maisha halisi ndivyo vilivyokuwa vinaanza kutawala televisheni, na miaka mitatu nyuma filamu ya The Blair Witch Project ilikuwa imeonyesha kwamba kamera inayotikisika mkononi inaweza kutisha ikiwa imetengenezwa kwa fedha kidogo. Kuwaza mauaji yanayotazamwa na watu waliokaa sebuleni wakidhani ni mchezo ilikuwa kuwaza mbele ya wakati. Kuna kijana wa sekondari, Myles, aliyefahamiana kwenye mtandao na Sara, mhusika mkuu mpya, na anamtazama akiwa kwenye sherehe ya watu waliojivika mavazi ya mzaha. Yeye ndiye anayetambua kwanza kwamba damu ile si ya kuigiza, na anaanza kumtumia Sara ujumbe wa kumwelekeza atoke vipi, huku wenzake wa sherehe, waliokuwa wakicheka, wakikusanyika kimya kimya mbele ya kompyuta. Sehemu hiyo ndiyo pekee ambayo filamu inapumua.

Hata hivyo, tazameni kamera zile zilifanya nini kwa hofu. Filamu ya kwanza ilikuwa na jicho moja lililochagua lionyeshe nini na lifiche nini, na sisi tukatishika na kile lilichoficha. Hii ya nane ina macho kila kona ya nyumba na juu ya kila kichwa, picha zake ni za ukungu na zinayumba, na muuaji anapita ndani yake kama mtu mwingine yeyote. Kuna onyesho ambalo mpigapicha anauawa na tukio linaonekana wazi kwenye televisheni za chumba cha kuongozea, ila Nora hakuliona kwa kuwa amegeuka anajitengenezea kahawa huku akicheza muziki. Onyesho hilo lingeweza kuwa kejeli kali juu ya watu wanaouza hofu bila kuitazama. Limepigwa kama mzaha, likaishia kuwa mzaha.

Kisha kuna lile onyesho ambalo kila anayeichukia filamu hii hulitaja. Freddie, ili kuwatisha vijana wake, amevaa kinyago na mavazi ya Michael na anazunguka ndani ya nyumba. Nyuma yake anatokea Michael wa kweli. Freddie anageuka, anadhani ni mtu wake wa kamera aliyejivika vazi lile lile, na anaanza kumgombeza kwa sauti: anamwambia anaharibu kazi, aondoke, arudi alikotakiwa kuwa. Na Michael Myers, yule aliyesimama kati ya nguo zilizoanikwa mwaka 1978, anasikiliza, anageuka, anaondoka. Wengi husema tatizo ni Busta Rhymes. Jamani, Busta Rhymes ndiye mtu pekee katika nusu ya pili ya filamu anayeonekana kufurahia kazi yake! Tatizo ni kwamba muuaji ambaye mtayarishaji amekataza asife hana tena uzito wa kumzuia mtu asimgombeze. Wote tunajua atakuwepo mwishoni, atakuwepo katika sehemu ya tisa na ya kumi, na kwa kuwa hakuna kinachoweza kumtokea, hata yeye hana analoweza kutufanyia. Ndiyo maana Freddie anapomrukia mateke ya kareti na kumpiga shoti ya umeme, ukumbi unacheka. Kicheko kile si utovu wa adabu wa watazamaji.

Kuna kitu kimoja cha akili ndani ya nyumba ile, na nadhani waandishi hawakupewa nafasi ya kukikuza. Wanafunzi wanakuta vielelezo vya utoto wa Michael, kama vile kiti cha mtoto chenye mikanda ya kumfungia, na wanaanza kujenga nadharia za mateso aliyopitia. Baadaye wanagundua kwamba vitu vile vimepandikizwa na watu wa kipindi, mpaka mifupa iliyofichwa ukutani ni ya bandia. Kwa hiyo filamu, kwa muda wa dakika chache, inasema kwamba kila maelezo tuliyowahi kupewa kuhusu mtu huyu ni pambo la kuuzia tiketi. Nilipoona hivyo nilikaa wima. Lakini dakika chache baadaye tunashushwa chini ya nyumba na kuonyeshwa tundu ambalo Michael amekuwa akiishi, na mabaki ya panya anaowala. Muuaji aliyekuwa hana mahali akawa mpangaji.

Najua kuna watakaonijibu kwamba hivi ndivyo filamu za kutisha zilivyo, na kwamba mimi nataka kuzihukumu kwa sheria ngeni. Sisi tuliokulia kwenye vibanda umiza tunajua kanuni ya steringi kutokufa, na hatukuwahi kudai fedha zetu zirudishwe kwa sababu steringi ameponea chupuchupu. Kwa nini basi tumnyime adui haki hiyo hiyo? Jibu langu ni kwamba sina ugomvi na kurudi. Mwaka 1981 Michael aliungua moto mbele ya macho yetu, na mwaka 1988 akarudi akiwa na makovu, na sehemu ile ya nne ni filamu ya heshima kabisa ya daraja lake. Kurudi kule hakukumnyang'anya mtu kitu, kwa sababu Loomis naye alirudi na makovu yake, na kile alichojitolea kufanya kilibaki kuwa kweli. Resurrection ilifanya jambo tofauti. Iliirudia filamu tuliyokwisha kuilipia na kuipenda, ikaingia ndani yake, ikabadilisha maana ya onyesho lake la mwisho, halafu ikatuambia tuendelee kukaa kwa sababu kuna vijana wengine sita wa kuuawa. Steringi wetu wa vibandani aliponea chupuchupu, lakini haikuwahi kutokea sehemu ya pili ikatuambia kwamba yule aliyemuokoa katika sehemu ya kwanza alikuwa ameua mtu wa bure.

Kwa upande wa fedha, msidhani kwamba filamu hii ilifilisi mtu. Iligharimu takriban dola milioni 13 na kuingiza takriban milioni 37 duniani kote, wakati H20 ilikuwa imeingiza milioni 55 ndani ya Marekani peke yake. Ukiwa mhasibu utaona faida iliyopungua. Ila mfululizo wenyewe haukuwa na pa kwenda tena. Resurrection inamalizika chumba cha maiti, mfuko unafunguliwa, macho ya Michael yanafumbuka, na ahadi hiyo ya sehemu ya tisa haikutimizwa na mtu yeyote. Mwaka 2007 mwongozaji Rob Zombie alianza hadithi upya kabisa tangu utotoni. Mwaka 2018 mwongozaji David Gordon Green alimrudisha Curtis kama Laurie aliye hai, mwenye mvi na bunduki, na akaamua kwamba zaidi ya filamu ya 1978 hakuna kilichowahi kutokea: si udugu, si laana, si shule ya bweni, si paa la hospitali. Filamu hiyo iliingiza zaidi ya dola milioni 250. Sijui kama mtayarishaji anaweza kupewa jibu la wazi kuliko hilo, kwamba sharti waliloligombania mwaka 1998 kulinda mali yao liliishia kuzalisha filamu ambayo warithi wa mali hiyo walilazimika kuifuta ili waendelee kuuza.

Na kwa kuwa wengine watauliza, ndiyo, mwaka 2022 walimuua kweli. Katika Halloween Ends mwili wa Michael unabebwa mjini kwa msafara na kutupwa ndani ya mashine ya kusagia vyuma mbele ya wakazi, pasiwe na nafasi ya kubadilishiana nguo na mtu yeyote. Wengi walisikitishwa na filamu hiyo pia, kwa sababu sehemu kubwa yake inamfuata kijana mwingine, Corey, na Michael tunamwona kwa nadra. Mimi ni kati ya wachache wanaoitetea. Ina makosa yake, ila makosa yale ni ya mwandishi aliyekuwa anatafuta kitu, na afadhali kugombana na filamu ya namna hiyo kuliko kugombana na kifungu cha mkataba.

Kwa hapa nyumbani nitasema neno moja tu. Tulipitia kipindi kirefu ambacho filamu moja ya Kiswahili ilikatwa vipande viwili ili iuzwe kama kanda au diski mbili, na mwandishi akaambiwa mapema asimalize jambo lolote katika kipande cha kwanza. Mnaoandikia sasa vituo vya televisheni na mitandao mnakutana na agizo hilo hilo kwa sura nyingine. Ukiletewa mkataba, tafuta mstari unaosema nani haruhusiwi kufa, nani haruhusiwi kuoa, siri gani haruhusiwi mtu kuigundua kabla ya msimu wa tatu. Mstari huo ukiwepo, usiandike onyesho la mwisho linaloapa kinyume chake, maana mtu mwingine ndiye atakayeajiriwa kuja kulivunja, naye atalivunjia koridoni.

Sasa nimewaomba mafundi watuonyeshe dakika kumi za mwisho za H20, na bila kuwasha taa waunganishe na dakika 15 za mwanzo wa Resurrection. Mnaposikiliza wale wauguzi wawili, wekeni alama mahali ambapo mngekata mazungumzo yao, na ni picha gani mngeweka badala yake. Majibu yenu ndiyo tutakayoanza nayo kipindi cha maswali.